Chupa ya Wawili

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi jana kutoka Homa Bay, kwenye mafunzo ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku mbili za soda na kuku mgumu, na jambo moja tu la kukumbuka: kuanzia sasa chanjo hiyo hatuichomi kwenye msuli. Tunaichoma kwenye ngozi, juu juu, sindano ikiwa imelala karibu sawa na mkono. Ukifanya vizuri kinainuka kipele cheupe, kadiri ya punje ya dengu. Kisipoinuka umepitiliza, umeharibu dawa.

Mkufunzi alisema askari wa mwili wamejaa kwenye ngozi kuliko kwenye msuli, kwa hiyo dawa kidogo huamsha wengi. Mimi nilidhani ni ubahili wa kaunti umevalishwa koti jeupe, maana chupa ambayo zamani ilikuwa ya mtu mmoja sasa ni ya wawili. Jared, mfamasia wa huko tuliyesoma naye chuo, alinisikia nikinung'unika. "Pamela," akasema, "wewe hata ukifika mbinguni utauliza nani amelipa."

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mama mkwe hakisomi na wanangu wanakiona adhabu. Wako naye nyumbani, Rodi Kopany. Mimi niko huku Muhuru Bay, muuguzi pekee wa dispensari ya vyumba vitatu na friji ya sola. Mvua bado.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefanya mazoezi ya sindano kwenye chungwa. Chungwa halilalamiki, halina mama, halidai risiti.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na asubuhi ikatuletea mbwa.

Alitoka ufukweni, kule wanawake wanakoanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Kwanza alimuuma Frankline, kijana wa boti za taa zinazovua usiku, kwenye shavu la mguu. Kisha akapanda mlimani hadi kwenye mashamba wanayokodi Wakuria, akamkuta Bathsheba binti ya Werema akimpelekea ndama majani. Ana miaka minane. Mbwa alimshika paja na hakutaka kumwachia. Aliyemwokoa ni bibi yake, Kerosi, kwa mpini wa jembe. Vijana wakamuua mbwa, wakamtupa ziwani, kwa hiyo hakuna kichwa cha kupeleka maabara. Mimi nahesabu kwamba alikuwa na kichaa. Mbwa mzima hamuumi mtu wa omena, anamwomba.

Frankline alifika wa kwanza, akinuka pombe ya jana.

"Sister, mimi mbwa siogopi. Sindano ndio naogopa," akasema.

"Basi funga macho."

"Nikifunga si ndio utanidunga?"

Nikamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, naye akipiga domo muda wote. Nilikuwa bado namwosha, Kerosi akaingia na mtoto mgongoni. Ni mama mrefu, mkavu, ameshamaliza sitini na kitu, na ndiye aliyemlea Bathsheba tangu mama yake aolewe kwingine. Kwenye paja la mtoto, juu ya kidonda, alikuwa amebandika jiwe jeusi. Nalijua jiwe hilo. Huku wengi wanalo kwa ajili ya nyoka. Unachanja kwa wembe, damu ikitoka kidogo unaweka jiwe, linang'ang'ania ngozi, na wanasema linavuta sumu mpaka lishibe lianguke. Kisha linachemshwa kwenye maziwa ili litapike.

"Usilivute, daktari," Kerosi akaniambia. "Litaanguka lenyewe."

Nikalivuta. Akalipokea, akalifunga kwenye pindo la leso yake. Mtoto alilia nilipomwosha, na hakuna namna ya kuosha kidonda hicho bila kuliza mtu. Serumu ya kinga ya kuchoma kidondani hatuna. Iko Migori, wakati mwingine.

Nikamwambia Kerosi waziwazi: ugonjwa huu ukishafika kichwani hauna dawa. Sijawahi kumwona aliyeugua akapona. Kilichopo ni kuuwahi, na kuuwahi ni hizi sindano, leo na Alhamisi na Jumatatu ijayo, bila kukosa hata moja. Nikamwonyesha chupa. "Hii ni ya wawili. Nimebahatika leo wamekuja wawili. Angekuja wa tatu ningekosa la kufanya, maana nina chupa tatu tu, moja kwa kila siku."

Nikachoma mikono yote miwili ya mtoto. Vipele vikainuka, vyeupe, vizuri kabisa, na nakiri nilijisikia fundi.

"Ona, nyanya, kikiinuka hivi ni vizuri," nikasema.

Kerosi akainama akavitazama kwa makini sana.

"Na wewe hukuguswa?" nikamuuliza.

"Mimi alinipita," akajibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua usiku kucha. Nilikuwa nimeshajihakikishia moyoni kwamba Frankline ameshakimbilia kisiwa cha Remba kufuata samaki wa mbuta na wanawake, na nusu ya chupa itaharibika. Akaja kabla sijafungua mlango, ameoga, amefunga macho tayari.

Bathsheba alikuja kwa miguu yake. Vipele vimeinuka vizuri tena. Niliwaambia wakae kidogo nimwangalie, lakini Kerosi alikuwa na haraka, akamshika mtoto mkono wakatoka. Wakuria hawapendi kukaa dispensari. Wajaluo wenzangu ukiwaruhusu wanahamia.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Friji inalalamika kwa kukosa jua. Mimi pia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekunywa chai mara mbili na bado sijatulia.

Nilipandisha mkono wa gauni la Bathsheba nimchome ya tatu, nikaona chale. Kila mahali nilipochoma, siku ile ya kwanza na siku ile ya pili, palikuwa na mistari mitatu ya wembe, midogo, safi, imeanza kukauka. Mikono yote miwili. Nikauliza ni nini. Mtoto akamtazama bibi yake.

Kerosi hakuficha kitu. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Siku ile ya kwanza, walipotoka tu, alimpeleka mtoto nyuma ya choo chetu, kipele kikiwa bado kimesimama. Akachanja juu yake, akaweka jiwe. Lilishika sana, akasema, lilishika kuliko hata kwenye paja. Alhamisi akafanya vilevile.

"Kwa nini, nyanya?"

"Si wewe ulisema kikiinuka ni vizuri? Nikaona dawa yako ni kali, imeifukuza sumu imepanda juu. Sasa niiache irudi chini? Wewe uliiita, mimi nikaitoa. Tumesaidiana."

Nilikaa kwenye kiti. Kwa siku zote hizo nilizojisifu kwa vipele vyangu, mwanamke huyu alikuwa anavifyonza hatua ishirini kutoka mlangoni pangu, na kwa akili yake alikuwa anamwokoa mjukuu. Hayo nayaandika sasa. Pale pale sikuyafikiria. Pale pale nilimwita mjinga. Nilimwambia kama mtoto huyu atakufa atakuwa ameuawa na bibi yake na si mbwa. Nilimwambia asikanyage tena chumba changu, akimleta mtoto akae nje barazani. Na nilimwambia kwa Kiswahili chepesi, ili lisimpite hata neno moja.

Frankline alikuwa pale, mkono wa shati umepandishwa. "Sister, pole pole," akasema. "Huyo ni dani, ni nyanya wa watu."

Kerosi alitoka nje, akakaa barazani, mgongo umenyooka. Nikamchoma Bathsheba ya tatu, nikafunga mlango kwa kitasa, nikamweka kitandani mpaka vipele vikalala vyenyewe. Nikampa karatasi achore. Alichora mbwa. Nikampa nyingine.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Jared. Mtandao ulikuwa unakatika, nikawa napanda juu ya tanki la maji na mwavuli.

"Zile mbili hesabu hazikuingia," akasema. "Zimeingia nusu, zimeingia robo, nani ajuaye? Mrudishie zote. Sehemu nne kwa mpigo mmoja, mikono na mapaja."

"Sina chupa, Jared. Migori wanasema labda wiki ijayo."

"Mimi ninayo. Kuja uichukue."

Ningeichukuaje? Mto Kuja umevunja kingo, barabara ya Nyatike imekuwa ziwa la pili. Tukakubaliana atampa mtu wake kijisanduku cha barafu hadi Sori, na kutoka Sori nitafute boti. Werema, baba wa mtoto, alirudi jana kutoka mnadani Kehancha. Alikuja asubuhi, akasimama mlangoni na buti zimejaa tope, akaniuliza swali moja tu. "Atapona?"

Nikamwambia hajaugua. Akasema hilo si jibu. Ni kweli, halikuwa jibu.

Jumatano, 9 Aprili

Frankline ameenda Sori. Sikumwomba yeye, nilimwomba mwenye boti, na mwenye boti akatazama mawimbi akakumbuka ana matanga ya kuhudhuria. Frankline akasema msimu wa omena umefungwa, hana kazi, na injini anaijua. Alirudi saa tisa, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Jaketi la kuokolea maisha hakulivaa. Alikuwa amelifunga kuzunguka kijisanduku.

"Mimi najua kuogelea," akasema. "Hii kitu haijui."

Nimemdhania vibaya kijana huyu tangu siku ya kwanza.

Barafu ilikuwa bado ipo. Nikamchoma Bathsheba sehemu nne, vipele vinne, hakulia. Werema alimshika kichwa. Kerosi alikuwa barazani kama nilivyoamuru, ameketi kwenye sakafu ya saruji ingawa kulikuwa na benchi, mvua ikimrukia miguuni.

Chupa ya Jared ilikuwa kubwa kuliko zetu. Nikabaki na zaidi ya nusu. Chupa ikishafunguliwa hailali. Nikaandika kwenye grupu la wahudumu wa afya: nani ana mtu aliyeumwa na mbwa, amlete kabla sijafunga. Mmoja akajibu anaye aliyeng'atwa na bata. Nikangoja. Saa kumi na moja nikaitupa iliyobaki kwenye ndoo ya taka za hospitali, mlango ukiwa wazi, Kerosi akinitazama.

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa ni kungoja. Ugonjwa huu hukaa kimya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mtu anakula, anacheza, anaenda shule, nao unapanda mshipa polepole kuelekea kichwani.

Nimeagiza Bathsheba aletwe kila Jumatatu nimwone.

Ijumaa Kuu

Kanisani wamehubiri kwa muda wa saa tatu. Mimi nilikuwa nafikiria paja la mtoto.

Jumatatu, 21 Aprili

Kidonda kimefunga. Nimemuuliza kama kinawasha, kama kinachoma, kama anasikia mdudu anatembea ndani yake. Akasema hapana. Nikampa maji kwenye kikombe, maana ugonjwa huu ukiamka koo hukataa maji, nikamtazama akinywa hadi tone la mwisho. Yeye anadhani ni ukarimu.

Kerosi anakaa nje.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imebomoa ukuta wa choo. Bathsheba amekunywa maji yake. Kerosi kaleta chupa ya maziwa ya mgando, ameiacha dirishani bila kubisha. Nilitaka kuyamwaga kwa sababu nilikumbuka jiwe. Halafu nikaona aibu, nikayanywa. Yalikuwa mazuri.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Kerosi aingie. Mwezi mzima mama wa watu anakaa kwenye saruji yenye maji, na mimi nina mama mkwe wa rika lake. Sikuomba msamaha. Nilimwambia tu, "Nyanya, ingia, huko kuna baridi." Akaingia akakaa kwenye ncha ya kiti.

Nikamweleza upya, safari hii nikiwa na subira. Kwamba kipele si sumu. Kwamba dawa inakaa pale kwenye ngozi ili askari wa mwili waje waione, waijue sura yake, halafu waende kuungojea ugonjwa wenyewe njiani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wewe unaingiza," akasema. "Na mimi maisha yangu yote natoa. Hakuna aliyeniambia kuna ugonjwa unatibiwa kwa kuingiza kitu."

Nikamuuliza wangapi amewatibu kwa jiwe. Akasema wengi. Wangapi wamepona? Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Na wewe hapa wangapi?"

Jumatatu, 12 Mei

Mtoto mzima. Maji kikombe kizima, akaomba kingine.

Jumatatu, 19 Mei

Wiki ya saba. Jared anasema kwa kidonda cha paja na sindano zote zile sasa naweza kuanza kulala. Nimemwonea huruma mume wangu, kila nikipiga simu namsimulia mtoto wa mtu mwingine. Kerosi alinitania leo kwamba nimtafutie Frankline mke, kijana mwenye moyo ule hafai kulala peke yake. Alikuwa anachechemea. Nikamuuliza, akasema ni uzee.

Jumamosi, 24 Mei

Kerosi amekuja peke yake.

Nilikuwa nafua. Aliketi kwenye ngazi, akasema ana homa tangu jana, na mguu wa kushoto unatembea wadudu. Alisema hivyo hivyo, wadudu. Kisigino hadi gotini. Niliacha shati ndani ya beseni. Nikamwambia anyanyue sketi.

Juu kidogo ya kisigino kulikuwa na makovu mawili ya meno, na katikati yake chale tatu.

"Nyanya, hii ni ya lini?"

"Ni ya siku ile. Nilimpiga mbwa kwa mpini, akamwachia mtoto, akanishika mimi."

"Nilikuuliza. Ulisema alikupita."

"Ulisema chupa ni ya wawili."

Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ile ile ya kueleza njia. Alisema alijua mtoto ni mdogo na dawa ni kidogo. Yeye alikuwa na jiwe lake, na jiwe halijawahi kumwangusha. Nikamuuliza ile siku ya boti, ile siku chupa ilipobaki, kwa nini hakusema.

"Siku ile ulikuwa na hasira na mimi. Nilikuona ukitupa. Nikasema, labda imeharibika."

Nilimletea chai. Sikumletea kwa sababu ana kiu. Nilitaka kujua, na Mungu anisamehe, nilijua tayari. Alikishika kikombe, akakipeleka mdomoni, na koo likakataa. Shingo yote ilikaza, kikombe kikaanguka. Alishangaa. Akaniomba radhi kwa kuvunja kikombe changu.

Tumempeleka Migori kwa gari la mwalimu mkuu, mimi, Werema na yeye. Njiani alitaka dirisha lifungwe kwa sababu upepo ulimuumiza usoni. Daktari alinivuta kando akaniambia ninayoyajua.

Jumapili, 25 Mei

Wamempa dawa ya usingizi na chumba chenye giza. Werema ameniuliza tena: "Atapona?" Safari hii nimemjibu.

Amesema basi anamrudisha nyumbani, mama yake hatafia kwa watu. Daktari alikataa, halafu akakubali, akanipa dawa za kumtuliza na kunionyesha namna ya kujikinga na mate yake.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekaa naye mchana kutwa. Kunapotulia ana akili zake zote, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote katika ugonjwa huu. Ana kiu kali na hawezi hata kutazama maji. Mlango ukifunguliwa, upepo mdogo tu, mwili wote unamkamata. Wanawake wa boma wametundika blanketi mlangoni. Bathsheba hawamruhusu kuingia. Anakaa nje ya nyumba akiwa ameegemea ukuta, upande ule ambako kitanda kimegusa ukuta kwa ndani.

Nimemwomba msamaha. Nimemwambia nilikuwa na dawa yake mkononi, nikaitupa akiniangalia, na nilikuwa nimemtoa nje kama mbwa. Nimemwambia yote.

"Mtoto anakunywa maji?" akauliza.

"Anakunywa."

"Basi," akasema.

Jumanne, 27 Mei

Sitaandika.

Jumatano, 28 Mei

Kerosi amefariki asubuhi. Mvua haikunyesha.

Alhamisi, 29 Mei

Watu wa boma lote wamekuja kuchanjwa, kwa sababu walimshika, walimfuta mate, walimlilia kifuani. Safari hii Migori wametoa chupa za kutosha. Mtu akishakufa zinapatikana. Nimewapanga barazani, nikawauliza mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, nikapandisha nguo zao nikatafuta makovu kwa macho yangu. Mwanamume mmoja, Mniko, aliudhika. "Nimesema sijaumwa, kwani mimi ni mwongo?" Nikamwambia kwangu kila mtu ni mwongo mpaka nione kisigino chake.

Bathsheba naye nimemwongezea, kwa vile alilala na bibi yake kitanda kimoja.

Jumamosi, 31 Mei

Tumemzika. Frankline alikuja na wavuvi sita, wakachimba kaburi pamoja na vijana wa Kikuria, udongo mzito wa mvua. Alivaa shati jeupe. Hakunywa.

Jumapili, 1 Juni

Wamekuja wote kwa sindano ya pili. Mniko alivua viatu kabla sijamwambia.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya mwisho ya sindano kwa boma la Werema. Mvua zimepungua, jua limewaka tangu asubuhi, na ufukweni wanawake wametandaza nyavu za kuanikia ingawa hazina omena.

Nilimwacha Bathsheba wa mwisho. Nikamchoma, kipele kikainuka, akakitazama. Wengine walikuwa wameshatoka. Yeye hakushuka kitini.

"Daktari," akasema, "mimi nilimwona mbwa akimuuma nyanya."

Nilikuwa nafunga sindano kwenye sanduku lake. Niliendelea kufunga.

"Aliniambia nisiseme. Alisema nikisema utaigawa dawa, yangu itakuwa kidogo. Nikanyamaza. Hata ile siku ya boti nilinyamaza."

"Ulimtii bibi yako."

"Kama ningesema, ingetosha?"

Nina miaka kumi na saba katika kazi hii na nimewaambia watu ukweli mwingi mbaya, nikijivunia. Nilimtazama machoni.

"Hapana," nikasema. "Isingetosha."

"Hata ile ya boti?"

"Hata ile. Yote iliingia kwako. Haikubaki hata tone."

Akaitikia kwa kichwa, akashusha mkono wa gauni polepole asikiguse kipele, akaenda kumfuata baba yake.